Asilimia Nne ya Bi Doto

Alama zilikuwa tatu. Koku alihesabu tena kwa ncha ya kalamu, akianzia juu ya kioo cha mashine na kushuka hadi chini, na kila mahali palipotakiwa kuwa na mbili palikuwa na tatu. Mbili zilisimama ndefu, hazina shaka. Ya tatu ilikuwa fupi, imejibana miguuni mwa wenzake, asilimia nne tu ya damu yote ya mgonjwa 7716.

Binadamu ana alama mbili za urithi kila mahali, moja ya mama na moja ya baba. Hilo hata mtoto wa sekondari analijua. Anayeonyesha tatu, ama ana damu ya mtu mwingine mwilini, ama sampuli yake imechafuliwa na mtu aliyeishika. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hiyo ni bahati. Wapo waliomaliza mafunzo yao yote katika Maabara ya Tishu ya Bariadi bila kuona tatu hata siku moja. Koku alitakiwa aruke kwa furaha. Badala yake alihisi masikio yakimchoma, kwa sababu alichokiona pale hakikuwa alama ya tatu bali mkutano wa saa mbili asubuhi.

Katika maabara ile, jibu lolote la ajabu lilielezwa na aliyelipata, kwa mdomo wake, amesimama, mbele ya watu ishirini na mmoja wenye vikombe vya chai mkononi. Miezi miwili nyuma Koku alisimama hivyo. Alieleza kwa robo saa nzima kwamba amegundua mtu mwenye damu ya watu wawili, na ubaoni akachora. Ndipo Hamduni, fundi wa mashine, mtu wa Pangani asiyeweza kukaa na utani tumboni ukapoa, alipoinuka na kwenda ukutani. Pale ukutani palibandikwa orodha ya alama za wafanyakazi wote, ili uchafu wa mtu ujulikane ni wa nani. Hamduni akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na tisa. Ulikuwa mstari wa Kokushubila Rwechungura mwenyewe. Lilikuwa juma la vumbi, na alikuwa amepiga chafya.

Walicheka mpaka mlinzi wa getini akaja kuchungulia. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Mchango, na kila aliposogelea sampuli hakukosekana wa kumuuliza leo anamchangia nani.

Kwa hiyo sasa, akiwa peke yake mbele ya 7716, alikwenda ukutani haraka. Akalinganisha ile alama ya tatu na mistari yote ishirini na miwili. Haikuwa yake. Haikuwa ya mtu yeyote pale.

Hapo ndipo mwenye akili timamu angesimama. Koku alikuwa na akili timamu, tena nyingi, na ndiyo sababu baadaye hakupata pa kujifichia. Alijua kwamba uchafu wa mtu baki kwa kawaida huleta alama nne mahali pengi. Tatu kila mahali, moja ikiwa ya pamoja, maana yake ni ndugu. Hayo aliyaandika kwenye daftari lake mwezi wa kwanza wa mafunzo na kuyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Lakini fomu ya kuomba damu mpya ilikuwa ikienda moja kwa moja kwenye ajenda ya asubuhi. Akajiambia ni mchukua damu tu. Akajiambia asilimia nne ni kitu gani. Mashine ikamuuliza kama asafishe, naye akabonyeza. Ikamuuliza sababu, akachagua uchafu wa mchukua damu. Zile fupi zikatoweka zote kwa pamoja, na jibu likabaki limenyooka, zuri, la kutundikwa darasani.

Alimpelekea Bi Limi Nkwabi, mkuu wa zamu, atie sahihi ya pili. Bi Limi alimtazama msichana kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi. Akamuuliza kama ni safi. Koku akasema ni safi, na Bi Limi akasaini.

*

Orodha ilikwenda Kitaluni, ng'ambo ya barabara, ambako viungo hukuzwa, na figo ya 7716 ilikuwa imekwisha kupandwa.

Figo ya kitalu haitokani na mgonjwa mwenyewe, maana seli zake huwa zimechoka. Hutokana na mbegu ya hazina, yaani seli changa zilizohifadhiwa, na pamoja nayo hukuzwa walinzi, seli za kinga zinazoingia mwilini zikiongozana na figo na kuilinda. Walinzi hao hufundishwa kwa orodha ya maabara. Huambiwa kwamba wenye alama hizi ni wenyeji, waachwe, na asiye nazo ni mvamizi, amalizwe. Ndiyo maana mgonjwa wa kitalu hamezi vidonge maisha yake yote kama walivyomeza wagonjwa wa zamani. Kazi yao walinzi wanaijua kweli. Ila mlinzi akishahitimu hafundishiki tena.

Wiki saba zikapita. Koku aliziishi vizuri tu. Kama aliikumbuka ile tatu, aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka jiko aliloacha bila kuhakikisha limezimwa, na baada ya siku chache hakuikumbuka kabisa.

Wapimaji walikuwa hawaruhusiwi kujua majina ya wagonjwa. Ilikuwa hivyo tangu enzi ile watu walipokuwa wakisogezwa mbele kwenye foleni ya viungo kwa sababu ya ukoo. Walijua namba tu. Lakini mara moja, kabla ya kuhitimu, kila mwanafunzi alipewa mgonjwa wake mmoja aende akamsomee majibu uso kwa uso, ili ajue kwamba namba nayo inakula ugali. Jumanne ile Koku alipewa 7716, siku mbili kabla ya upasuaji.

Alimkuta ameketi kitandani, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, miguu imevimba, uso umechangamka, akimkata kucha mgonjwa wa kitanda jirani. Koku akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akasema yeye ndiye aliyempima damu. Mama yule akamtazama toka juu hadi chini na kusema kumbe wataalamu wenyewe ni watoto wadogo namna hii. Akamsogezea kiti. Akaeleza bila kuulizwa kwamba amepima pamba kwenye mzani wa ushirika miaka thelathini, kwa hiyo wao wawili ni wapimaji, wanaelewana.

"Mimi naitwa Doto," alisema. "Doto Masunga."

Koku ni Mhaya wa Muleba, lakini hakuna mtu nchini asiyejua jambo hilo, na Usukumani hata kuku wanalijua. Mapacha wakizaliwa, anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Hakuna Doto aliyezaliwa peke yake. Alijisikia akiuliza, kwa sauti iliyomtoka nyembamba, kama Kulwa naye anaishi hapo hapo Bariadi.

"Kulwa hakukaa," Bi Doto alisema, akirudia kucha za jirani. "Alitangulia kutoka, ila hakupumua."

Kijiko kilianguka mahali fulani wodini. Koku alikuwa akiona kile kioo cha mashine, tatu, tatu, tatu, kutoka juu mpaka chini. Mapacha wengine mishipa yao hukutana kwenye kondo, damu ya huyu ikaingia kwa yule na kuhamia kwenye uboho, ndani ya mifupa, na isitoke tena. Ni nadra, lakini imo vitabuni, na alikuwa ameisoma. Asilimia nne ile haikuwa ya mchukua damu. Ilikuwa ya Kulwa, na ilikuwa imeishi humo miaka sitini na mitatu bila kumsumbua mtu. Na keshokutwa walinzi wangeingia wakiwa na orodha aliyoisafisha yeye, wakute mwenyeji asiye na jina. Wangeanzia kwenye uboho. Na vita ya walinzi ikishaanza kwenye uboho, haikomei hapo, huishia kumuua mgonjwa.

Bi Doto alikuwa akingojea majibu yake. Kwa hiyo Koku akafungua bahasha na kumsomea orodha yote, alama moja baada ya nyingine, mbili mbili, uongo wote kwa utaratibu, hadi kwenye sahihi yake mwenyewe. Alipomaliza, mama yule alimshukuru. Alisema hakuelewa hata neno moja, lakini amesoma vizuri sana, inaonekana kazi yake anaipenda.

Hakuna tusi ambalo lingemuumiza Koku kuliko hilo.

*

Alimkuta Bi Limi ofisini akimenya chungwa. Alieleza akiwa amesimama, kama kwenye mkutano, ila safari hii bila kuchora. Alianza na chafya ya miezi ile, akaona anajitetea, akaiacha, akaanza tena na alama tatu. Alisema alijua maana yake. Alisema alibonyeza akijua.

Bi Limi aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Chungwa hakuligusa tena.

"Niliziona," alisema. "Siku ile ile. Mashine haifuti kitu, inaficha tu, na mimi hufunua kila jibu kabla ya kusaini. Niliona tatu zako, nikakuona na wewe ulivyosimama. Nikasema nikimrudisha huyu mbele ya watu watamcheka tena, ataacha kazi. Na mara ya kwanza nilicheka na mimi. Nikajiambia asilimia nne ni kitu gani."

Koku alishangaa kusikia maneno yake mwenyewe katika mdomo wa mtu aliyekuwa akimwogopa kwa mwaka mzima. Hayakumpunguzia kitu. Aliona tu kwamba aibu moja imezaa nyingine, na zote mbili zimeangukia kitanda cha mtu ambaye hakuwa amecheka wala kuchekwa.

Wakaanza kupiga hesabu, kwa sauti za chini. Kufundisha walinzi wapya kungechukua wiki tisa. Bi Limi alipiga simu wodini kwa kisingizio fulani, akasikiliza, akakata. Mishipa ya Bi Doto ya kusafishia damu ilikuwa imekufa yote isipokuwa mmoja, na huo madaktari waliupa wiki tatu, labda nne. Wiki tisa hakuwa nazo.

"Iko palizi," Bi Limi alisema.

Sindano ya palizi hupewa orodha, ikatembea mwilini na kung'oa kila seli yenye alama zilizomo, kisha ikafa yenyewe. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani za damu. Bi Limi alieleza taratibu, akitazama meza. Wakimchoma leo au kesho, asilimia nne ile itakuwa imekwisha kufikia Ijumaa. Upasuaji utasogezwa hadi Jumamosi kwa sababu yoyote ile. Walinzi watakuta orodha yao ni ya kweli. Bi Doto hataumwa hata kichwa, damu yake inayobaki inamtosha na kuzidi, na atatoka hapa na figo ya kukaa nayo miaka thelathini. Sindano yenyewe inaingia kwenye maandalizi ya kawaida, haina fomu yake ya ridhaa. Hakutakuwa na ajenda wala mkutano. Yeye angestaafu Desemba na Koku angehitimu.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na kosa la kitabibu katika mpango huo. Koku aliutafuta ubaya wake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akaukosa. Mgonjwa angepona. Ndilo lililotakiwa tangu mwanzo. Alichukua kishikwambi akaanza kujaza ombi la palizi, na mashine ikamtaka aandike orodha ya seli za kung'olewa, yeye mwenyewe, alama kwa alama, maana kwa usalama hairuhusu kunakili.

Aliandika ya kwanza. Akaandika ya pili. Kwenye ya tano alisimama. Mara ya kwanza alikuwa amebonyeza tu, bila kujua anayemfuta ni nani. Sasa alijua, na alikuwa akimwandika vizuri kabisa, kwa mwandiko wa mwanafunzi bora, ili afutwe bila dada yake kujua kwamba aliwahi kuwamo mwilini mwake.

Akamuuliza Bi Limi kama wanaweza kumwambia kwanza.

Bi Limi alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Unaweza," alisema. "Lakini ukimwambia yumo, atakuuliza mlijuaje, na lini. Itabidi umwambie na sababu."

*

Alikwenda Jumatano saa tatu asubuhi, baada ya daktari kupita. Wa kitanda jirani alikuwa amepelekwa kupigwa picha, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Bi Doto alifurahi kumwona, akamwambia aketi, akamuuliza kama amekunywa chai. Koku hakuketi.

Alimweleza yote kwa Kiswahili cha nyumbani, bila maneno ya kazini ya kujikingia. Mishipa iliyokutana tumboni. Damu iliyohamia. Walinzi na orodha yao. Bi Doto alisikiliza akiwa ameweka viganja juu ya shuka. Mara moja tu aliinua kimoja akakitazama kwa ndani, halafu akakirudisha.

"Kwa hiyo yumo," alisema.

"Yumo, mama. Kidogo. Kwenye mia, nne ni za Kulwa."

"Na wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Lini?"

"Wiki saba zilizopita. Nikamfuta kwenye majibu."

"Kwa nini?"

Koku alikuwa ametembea korido nzima akitengeneza jibu la swali hilo. Lilikuwa na shinikizo la kazi ndani yake, na uchache wa uzoefu, na mambo mengine yaliyosikika vizuri. Yote yalimpotea.

"Niliogopa kuchekwa."

Bi Doto alimtazama. Hakukasirika usoni, na hilo lilikuwa gumu zaidi, maana Koku alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alimtazama kwa makini ya mtu anayesoma mzani, akingoja mshale utulie.

Kisha akaanza kusema, bila kumwangalia tena. Alisema alizaliwa mnene, na Kulwa alitoka mwembamba kama kamba, na wanawake waliokuwapo wakasema mtoto huyu amekula chakula cha mwenzake. Wakasema kwa mzaha. Mzaha ukakua naye. Shuleni wenzake wakigombana naye walimwita Mla Pacha. Mama yake hakuwahi kulitamka jina hilo, ila hakuwahi kumwambia kwamba si kweli.

"Nimepima pamba ya watu miaka thelathini," alisema, "na sikumpunja mtu hata gramu moja. Wenzangu walikuwa wananiona mshamba. Nilitaka tu asitokee tena mtu wa kusema Doto anakula cha mwenzake." Akamgeukia Koku. "Kumbe sikumla."

"Hukumla, mama. Alikupa damu yake, na wewe ulimpa yako. Ndivyo inavyokuwa."

"Alikuwa amekaa tu, humu ndani."

"Ndiyo, mama."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu. Bi Doto alingoja lipite.

"Ungemwandika siku ile, ingekuwaje?"

Hili Koku hakuwa ametengeneza jibu lake, kwa sababu alikuwa akiomba lisiulizwe. Aibu ilimfika machoni, na akajizuia kulia kwa kuwa kulia kungekuwa kumwomba mama huyu ambembeleze.

"Walinzi wangemjua," alisema. "Mngeishi wote."

Koku akamweleza lililobaki, kwa sababu lilibaki. Palizi, na siku zake. Ama kungoja walinzi wapya, wiki tisa, na mshipa ule mmoja. Alimwambia kwamba anaweza kukataa, na kwamba hakuna mtu wa kumlazimisha. Alimwambia pia kwamba yeye mwenyewe atasema haya yote kwenye mkutano wa asubuhi kesho, vyovyote atakavyoamua. Hakujua kwa nini amelisema hilo. Bi Doto hakuonekana kulisikia.

"Nina wajukuu wawili nawalea," alisema mwishowe. "Mkubwa ana miaka tisa. Sitaki kukudanganya, mwanangu. Nataka kuishi." Akanyoosha mkono aletewe fomu. Haikuwa fomu rasmi. Koku aliiandika mwenyewe usiku, kwa kuwa ya serikali haikuwapo. Bi Doto aliisoma yote polepole, akifuata mistari kwa kidole, na alipofika chini alishika kalamu lakini hakusaini mara moja.

"Maisha yangu yote wamesema nilimmaliza," alisema. "Haikuwa kweli. Sasa ndiyo itakuwa kweli. Umeona ulichonifanyia?"

"Nimeona, mama."

"Nilitaka uone."

Akasaini. Mwandiko wake ulikuwa wa kizamani, herufi zimesimama safi, jina zima bila kufupisha. Alimrudishia karatasi, kisha akaishikilia kidogo kwa upande wake kabla ya kuiachia.

"Hiyo mashine yako," alisema, "inaonyesha kama alikuwa wa kike au wa kiume? Mama hakuonyeshwa. Walimzika kabla mama hajazinduka. Na waliomzika hawakutaka kusema."

Koku alilijua jibu. Alilijua tangu siku ya kwanza, lilikuwa kwenye mstari wa mwisho kabisa wa zile alama fupi, na hata siku ile alikuwa amelisoma kabla ya kubonyeza.

"Wa kiume, mama."

"Kaka," alisema Bi Doto. Alilitamka polepole, kama neno la lugha anayojifunza. Akalitamka tena, safari hii kwa mtu ambaye hakuwa Koku. Kisha akakunja mkono wa gauni lake hadi juu ya kiwiko, akaulaza mkono juu ya shuka, na kugeuza uso ukutani.

"Haya," alisema. "Kamwite nesi."

Koku alitaka kuomba msamaha. Aliona kwamba hata msamaha wenyewe angekuwa anauomba kwa faida yake. Akaenda kumwita nesi.